Wino Kabla ya Matone

Saa kumi kasoro, Mama Matone alikuwa akitoa vifuko vya barafu vilivyoyeyuka kwenye kisanduku cha chanjo, katika stoo ya zahanati. Jina hilo alipewa na watoto, na miaka ishirini na miwili ya kubisha hodi mlango kwa mlango na chanjo ya polio ilikuwa imelifuta lile alilozaliwa nalo. Leo ilikuwa raundi ya mwisho. Ugonjwa haukuwa umeonekana huku kwa miaka mingi. Kuanzia mwezi ujao watoto wangechanjwa kliniki tu. Nje, viti vilikuwa vinapangwa kwa hotuba za kuwaaga wachanjaji.

"Mkono haujachoka, shemeji?" aliuliza Spika, mdogo wa marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyebeba kipaza sauti miaka yote hiyo. Polio ilimpitia akiwa na miaka mitatu, ikamwachia mguu mmoja mwembamba na gongo la kutembelea.

"Mkono mzima. Masikio ndiyo yamekufa kwa kelele zako."

"Kelele zangu ndizo zilizowatoa watoto uvunguni! Wewe ulijua kuwafukuza tu."

Wakaanza kukumbuka. Ile mvua iliyowafanya wavuke barabara maji kiunoni, kisanduku kichwani. Yule baba aliyewafungulia mbwa, na mwaka uliofuata akawangoja mlangoni na wanawe wamepangwa mstari. Na ujanja wao wa wino. Kanuni ilisema matone kwanza, kisha kidole kidogo cha kushoto kipakwe wino kuonyesha mtoto amechanjwa. Lakini watoto wakishalamba walitimka, na asiye na wino alihesabiwa hajapata. Basi wao wakaanza na wino. Mtoto akiduwaa kuona kidole kimekuwa cheusi, mdomo wazi, matone mawili yanaingia. Wasimamizi walikataza. Wao waliitikia ndiyo, ndiyo, wakaendelea vilevile.

"Hata leo umefanya," Spika alisema. "Kwa fundi cherehani. Nimekuona, usikatae."

Mama Matone akaacha kucheka.

Fundi cherehani alikuwa mtoto wa raundi yao ya kwanza kabisa. Sasa alikuwa mama wa binti wa miaka miwili. Asubuhi hiyo walikumbatiana, wakamkumbuka marehemu mama yake, aliyekuwa akiwapa maji ya kunywa kila walipopita. Mama Matone akampaka mtoto wino. Fundi akaigiza mwendo wa mama yake, wakacheka hadi machozi. Kisha Mama Matone akatia alama kwenye karatasi, akachora chaki mlangoni kuonyesha nyumba imepitiwa, wakaagana. Matone je? Alijaribu kukumbuka chupa ikiwa mkononi mwake. Hakuiona.

"Spika. Sikumpa."

Alimwambia msimamizi, mama mwenye haraka siku zote.

"Ripoti imeshakwenda," msimamizi alinong'ona. "Mgeni wa heshima anaingia, na wewe ndiye wa kwanza kuitwa. Mama yake atampeleka kliniki."

"Atampeleka kwa lipi, na kidole anakiona kina wino? Kesho alfajiri wanahama, wanamfuata mumewe. Nani huko atauliza?"

  Kukosa makofi kulimuuma Mama Matone, asingedanganya. Kilichomtisha zaidi ni uso wa fundi atakapomwambia. Mungu wangu, aliomba kimoyomoyo, nipe mdomo wa kusema. Akafungua friji, akachukua chupa, akatazama alama yake, ile inayogeuka rangi dawa ikiharibiwa na joto. Ilikuwa bado nyeupe, dawa nzima. Akaweka barafu mpya.

"Nenda," Spika alisema. "Wakikuita nitawaambia uko kazini."

Alimkuta fundi akifunga marobota. Mtoto alikuwa amelala juu ya vitambaa.

"Karibu tena, mama! Umesahau kitu?"

"Nimesahau mtoto wako."

Akaeleza yote bila kujipunguzia. Fundi akakiinua kile kidole cheusi, akakitazama.

"Kwa hiyo tungeondoka hivi hivi?"

"Mngeondoka hivi hivi."

"Nami nisingejua kitu. Wewe nilikuamini kama mama yangu mzazi."

"Najua, mwanangu. Hasira yako ni haki yako. Lakini niache nimpe kwanza."

Fundi akainama juu ya vitambaa. Akamwamsha mtoto taratibu, akampakata, akamminya mashavu kidogo. Tone la kwanza. La pili. Mtoto akakunja uso, akameza, akarudisha kichwa kifuani kwa mama yake.

Mama Matone akatoa karatasi yake kwa mazoea, kisha akaikunja. Hakukuwa na cha kuandika. Mtoto alikuwa ameshahesabiwa tangu asubuhi.

Fundi alimpapasa mwanawe mgongoni. Mwishowe akasukuma robota moja kwa mguu.

"Kaa basi," alisema, sauti bado kavu. "Au una nyumba nyingine ya kwenda?"

Miaka yote hiyo, kila alipokaribishwa kukaa, alijibu kwamba anangojwa nyumba ya pili. Akafungua mdomo kusema hivyo tena.

"Sina," alisema, akakaa.