Kasi ya Kumi na Nane

Umakant alikuwa amechoka tangu ndugu zake walipoanza kuondoka Mbeya mmoja mmoja kwenda Uingereza, wakimwachia salamu na makabati. Lakini filamu ya harusi ya Lutengano ndiyo iliyommaliza kabisa. Macho yalimuuma, kiuno kilikataa kunyooka, na juu ya meza ya studio yake kulikuwa na kosa ambalo hakuwa na mtu wa kumsingizia.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kamera yake ilikuwa na swichi ya kuchagua kasi: picha kumi na nane kwa sekunde, au ishirini na nne. Kanisani alipiga kwa ishirini na nne, sijui alikuwa anawaza nini. Kesho yake, nyumbani kwa Mzee Anyitike, baba wa bwana harusi Lutengano, akapiga kwa kumi na nane kama kawaida yake. Filamu zikaenda Ulaya kusafishwa, zikarudi baada ya miezi miwili, na sasa zilitakiwa ziungwe ziwe mkanda mmoja. Projekta ikiendeshwa kwa ishirini na nne, wazee wa nyumbani walikimbiakimbia kama kuku waliomwagiwa maji. Ikiendeshwa kwa kumi na nane, watu wa kanisani walijikokota kama wanavuka tope. Achague basi: wazee wachekwe, au watazamaji wasinzie?

Alichagua kumi na nane. Mzee Anyitike alikuwa mtu mzito, na mtu mzito harushwirushwi mbele ya watoto wake.

Ikabaki kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate. Sehemu ya nyumbani ilikuwa fupi na kavu: ng'ombe, masufuria, Mzee Anyitike kwenye kiti chake akiinua uso na kucheka. Anacheka, halafu basi. Hapo palihitaji kitu mbele yake. Katika mabaki ya kanisani Umakant akakuta kipande cha bibi harusi, Tupokigwe, pale mvua ilipopiga bati ghafla: binti aliinua macho mara moja, akatabasamu, akayashusha. Kwa kasi ya kumi na nane hayakuwa tena macho ya mara moja. Yaliinuka polepole, yakatulia, yakatabasamu. Umakant akakata, akabandika: macho ya binti, kisha uso wa mzee. Ilipendeza mno. Siku hiyo alifunga studio akipiga mluzi, maskini ya Mungu.

Jumapili mchana, nyumbani kwa Mzee Anyitike, mablanketi yalitundikwa madirishani na watu wakajaa sebuleni. Mzee alikaa mbele. Tupokigwe alikuwa jikoni nyuma ya pazia pamoja na wanawake, kwa sababu kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala baba mkwe hamtazami yeye. Wakikutana njiani, binti huingia migombani mpaka mzee apite. Kanisa lilikuja, shule ikaja, chama kikaja, lakini katika nyumba ile jambo hilo halikuguswa. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana: kila bibi harusi atakapotokea ukutani, dada wa Mzee Anyitike, ambaye wote walimwita Shangazi, atasema "Chini!" na mzee atainama afute miwani yake.

Sehemu ya kanisani ilipita salama. Miwani ilifutwa mpaka ikang'aa. Walipoonekana ng'ombe wa nyumbani, mzee akainua kichwa kwa raha zake, na hapo uso wa Tupokigwe ukajaa ukuta mzima, ukainua macho taratibu, ukamtabasamia. Ukafuata uso wa mzee mwenyewe, anacheka.

"Mwe!" Shangazi alipiga kelele. "Wametazamana!"

 Na Umakant mwiko huo aliujua, tena kuliko wengi! Mama yake mzazi alijifunika uso kwa ncha ya sari mbele ya baba mkwe wake mpaka mzee yule alipokufa. Alijua kwa kichwa, lakini pale mezani mikono ilikuwa inatafuta uzuri tu.

"Siku ile ya hapa nyumbani si tulimficha ndani?" Shangazi alifoka. "Kumbe alitoka akamchekea baba mkwe! Kesho apande basi arudi kwao, wakamfundishe upya."

Lutengano alisimama, akalikabili pazia la jikoni. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Tupokigwe ikilia: "Sikutoka, Shangazi. Haki ya Mungu sikutoka."

"Hakutoka," Umakant alisema. "Ni mimi nimebandika."

"Umakanti, tumeona kwa macho yetu."

Alizima mashine, akashusha blanketi moja, akauvuta mkanda mpaka penye kiungo, akakibandua mbele yao. "Shika, Shangazi. Tazama kwenye mwanga. Nyuma ya binti kuna dirisha la kanisa. Nyuma ya mzee kuna migomba. Siku mbili, mahali pawili. Binti alikuwa anatazama mvua kwenye bati."

Shangazi aliinua vile vipande viwili, akavikodolea macho, akampa Lutengano. Lutengano akatazama, akaketi, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Basi mkamwana hana kosa," alisema Mzee Anyitike, macho sakafuni. Kilio cha jikoni kikakatika. Watu wakaanza kupumua.

"Umakanti," mzee aliendelea. "Ile filamu ya mama Lutengano."

Mkewe, Damari, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Filamu aliyoachwa nayo mzee ilikuwa moja tu, kazi ya Umakant: Damari anatwanga, anageuka, anamtazama mumewe, anaangua kicheko. Kila Pasaka mzee alikwenda studio kuitazama peke yake, na Umakant alimwachia chumba.

"Ile nayo umebandika?"

Shangazi alikuwa bado amesimama na nyuma ya pazia la jikoni wanawake walikuwa wanasikiliza. Umakant akisema ile ni ya kweli, kesho watauliza kwa nini hii iwe ya uongo.

"Nimebandika, mzee. Alikuwa anamcheka mbuzi aliyeingia kwenye sufuria."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa Iringa, kwenye mahindi. Wewe nilikupiga wiki iliyofuata."

Mzee Anyitike alivua miwani, akaishika tu mkononi, hakuifuta. "Heri ungenidanganya, Umakanti."

"Ningekudanganya, binti angerudishwa kwao."

"Najua," mzee alisema. "Najua kabisa. Lakini ungenidanganya tu."