Majina ya Watu wa Mtabila

Mfuniko wa sufuria ya maharage ulilia ti gizani, kisha nyumba ikanyamaza tena. Saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo saa ambayo mtandao hapa Kasulu huwa mwepesi, basi nakaa kitandani na simu, mwanangu Yusta akinipumulia mgongoni, naangalia blogu yangu imesomwa na wangapi.

Wanne. Na wawili kati yao nilikuwa mimi.

Wiki tatu nyuma hawakupungua themanini kwa siku. Blogu yenyewe haina mapambo: ni majina ya watu waliopoteana kambi yetu ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, mwishoni mwa 2012. Mimi nilibaki, nilikuwa nimeshaolewa na Muha wa huku. Dada yangu Irakoze akapanda gari la kurudi Burundi. Namba aliyoniachia ilipokelewa mara mbili, kisha ikafa. Majina ya wengine nayaweka kwa moyo, lakini nisidanganye: blogu niliifungua ili dada anione. Mama hayupo duniani. Baba Yusta yuko machimboni Geita. Wakisoma wanne tu, nani atamwambia Irakoze kwamba mdogo wake anamtafuta?

Jioni nikampelekea simu Madam Rabia, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, anayetufundisha kompyuta baada ya kazi. Akashuka mpaka mwisho wa ukurasa, akacheka mpaka akashika meza.

"Hee, Mama Yusta! Mtabila, Mtabila, Mtabila, ukurasa mzima! Unaita watu au unawafukuza?"

"Nilitaka tuonekane, Madam."

Nikamweleza. Kambini, jina lako likiwa kwenye orodha moja tu, hulali. Unajiandikisha kwenye ya kanisa, ya mtaa, ya akina mama, ili moja ikipotea nyingine ikuokoe. Nikadhani injini ya kutafutia mtandaoni nayo ni karani wa namna hiyo: ukimrudiarudia, hakuruki.

"Zamani ilikubali kidogo," akasema, sasa hacheki. "Wamebadilisha. Ikiona maneno yamerundikwa, inakusukuma nyuma kabisa. Futa yote haya. Halafu niambie, dada yako umemwandikaje?"

Nikamsomea: Irakoze, mwanamke, mzaliwa wa 1983, Mtabila.

"Rafiki yake akimtafuta, ataandika hivyo?"

Nikamwambia kambi nzima ilimwita Mama Bomba, ingawa hakuwa na mtoto, kwa kuwa alikaa jirani na bomba la maji na ndiye aliyeamua ugomvi wa foleni.

"Basi andika hayo! Na usitegemee mlango mmoja. Wale themanini, una namba ya hata mmoja?"

Sikuwa nayo.

Nilifuta kwa siku nne. Kisha nikawapigia walionipa majina, mmoja mmoja: alikuwa anaitwaje? Alikuwa anauza nini? Wengine walicheka, mmoja alilia akakata simu, akanipigia kesho yake. Kila mtu nikampa ukurasa wake, kwa maneno yake. Anwani ya blogu nikaituma kwa ujumbe, nikaomba kila apokeaye amtumie mwenzake. Pelagia anayeuza dagaa akabeba vikaratasi vyenye anwani hiyo mpaka mnada wa Kibondo.

Wakaja saba. Kumi na mmoja. Wakashuka mpaka tisa. Themanini sikuwaona tena. Jioni niliongea na Yusta tu, naye habari zake zote ni mbuzi wa jirani.

Mwezi wa tatu tangu nianze upya, Jumapili mchana, ujumbe ukaingia chini ya ukurasa wa dada: "Mimi si Mama Bomba, nilikuwa nachota maji kwake. Nimeandika jina lake mtandaoni kwa utani tu, nikaona haya yako. Tuko naye huku Makamba, Burundi. Namba yake hii hapa."

Nikapiga nimesimama mlangoni, penye mtandao. Ikaita sana.

"Alo?"

Ni yeye.

"Alo? Ni nde? Wewe nani?" Akaanza kukasirika. "Kama huongei, nakata."

Yusta alinitazama usoni, akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Mama mkubwa, mama yupo hapa analia."