Kisanduku cha Msimuliaji

Kazini walimwita Visanduku, naye hakuchukia. Afadhali hilo kuliko mengine waliyomwita akiwa hayupo. Alikuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, na jambo lililomvimbisha kichwa ni kwamba hakuchora skrini hata moja kwa mkono. Yeye aliandika kanuni tu, kwa mfano: kanda ya sauti ina jina, ina tarehe, ina lugha, ina msimuliaji. Programu yake ilizisoma kanuni hizo na kuchora yenyewe visanduku vya kujazia. Ukibadilisha kanuni, skrini nayo inabadilika. Kwa alivyoeleza, ungedhani ndiye aliyebuni mvua.

Safari hii kazi ilikuwa ya maktaba ya sauti ya redio, na mtunza kanda wa maktaba hiyo alikuwa dada yake wa tumbo moja. Kesho yake hadithi za watoto zingefunguliwa kwa wasikilizaji wote, na kilichojazwa kwenye visanduku ndicho ambacho wangekisoma. Dada akaombwa aijaribu skrini kwa kanda ya marehemu mama yao, aliyesimulia hadithi redioni miaka na miaka.

Dada alijaza jina, tarehe na lugha. Kwenye kisanduku cha msimuliaji aliandika jina la mama, akaweka mkato, akaandika la kwake. Skrini ikamgomea kwa maandishi mekundu: jina moja tu. Akalifuta la kwake taratibu, akabonyeza Hifadhi, akainuka kwenda kuchemsha chai kana kwamba hakuna lililotokea.

Visanduku aliona yote, akajifanya hamnazo. Kanuni ile hakuitoa kichwani. Aliinakili kutoka kwenye lebo za kanda, na kila lebo ilikuwa na mstari mmoja wa msimuliaji. Halafu, labda kwa kutaka kujitetea tu, akavaa hedifoni na kusikiliza.

Mama alikuwa akisimulia, ndiyo. Lakini fisi hakuwa mama. Chura hakuwa mama, wala yule bibi kizee asiye na meno. Wote walikuwa dada, enzi hizo msichana wa shule. Visanduku alikulia nyumba hiyohiyo na alishasahau. Wageni walipokuwa wakimsifu mama kwa fisi wake, dada alikuwa akipakua chakula, kimya. Ukubwa jalala. Aibu ilimshika mpaka masikioni, na ukiniuliza mimi, ilimstahili.

Dada aliporudi na vikombe viwili, Visanduku akamuuliza mbona siku zote hizo hakusema. Dada alikoroga chai yake kwanza.

“Mama hakuninyima,” alisema. “Kila akiandika lebo, alikuwa ananiomba radhi. Lebo ndiyo ilikuwa nyembamba, mdogo wangu. Wewe ndiye umeifanya sheria.”

Alisema bila ukali, na ndiyo maana maneno yalimchoma. Visanduku akaifungua kanuni, akafuta “mmoja”, akaandika “mmoja au zaidi”, na kando ya kila jina akaweka nafasi ya kueleza mtu huyo alifanya nini. Programu ikasoma, skrini ikajichora upya. Chini ya jina la mama pakatokea kitufe cha Ongeza. Akampisha dada kiti.

Dada aliandika jina lake, na kando yake: fisi, chura, bibi kizee. Alilitazama kwa muda, akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akabonyeza Ongeza tena.

Visanduku akamwambia kwamba kanda ina sauti mbili tu. Dada akamjibu kwamba hana subira tangu utotoni, arudi aisikilize hadi mwisho. Visanduku akavaa hedifoni. Fisi akatumbukia shimoni, mama akanyamaza. Kimya kikawa kirefu, mpaka kisauti cha mtoto mdogo kikauliza, “Halafu?”

Alipovua hedifoni, kisanduku cha tatu kilikuwa kimeshajazwa. Lilikuwa jina lake la nyumbani, ambalo hakuna aliyemwita tangu mama afariki, na kando yake dada alikuwa ameandika: muulizaji.

“Mama alikuwa haendelei mpaka umuulize,” dada alisema.

Dada akabonyeza Hifadhi, na safari hii skrini haikugoma.