Hamira Iliyodekezwa

Siku zote za msiba hamira haikulishwa. Mjane aliporudi kwenye banda nyuma ya nyumba alikuta pipa limenyamaza, povu limekauka ukingoni.

Marehemu mumewe aliilea hamira ile miaka tisa kwa maganda ya machungwa, yale ambayo wauza juisi hutupa. Ikila maganda hutoa kimeng'enya cha kuyayeyusha, na matone machache ya maji yake huifanya juisi yenye ukungu ing'ae. Kiwanda cha juisi kilikuwa mteja wao pekee. Ijumaa mkaguzi angekuja kupima. Juisi isipong'aa, kiwanda kingehamia kimeng'enya cha unga kutoka nje, na banda lingefungwa.

Mjane aliionea hamira huruma. Akaimiminia molasi, kikombe, halafu kingine. Kulipokucha povu lilikuwa limefika mdomoni mwa pipa, naye akashusha pumzi.

Jumatano akadondosha maji ya hamira kwenye glasi ya juisi. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Ukungu uko palepale.

Wifi yake, aliyekuwa akisaga maganda, alikuja akanusa pipa.

"Umeipa molasi."

"Ilikuwa na njaa, wifi."

"Umeidekeza. Ikipata sukari ya bure, ihangaike na maganda ya nini? Hata wewe ungelala."

"Mimi silali."

"Najua. Nakusikia usiku ukihesabu mabati ya paa."

Mjane akakaa juu ya gunia. "Kaka yako aliniambia nisiiguse tu. Hakusema kwa nini."

"Huyo naye. Maneno aliyatoa kama anang'olewa jino."

Wakamwaga maji matamu yote, wakabakiza tope la chini, wakalisuuza mara tatu, wakalilisha maganda matupu. Mikono iliwawasha. Alhamisi, pipa bado kimya.

Ijumaa mkaguzi aliinua glasi iliyotiwa matone alfajiri. Juu, upana wa kidole kimoja, juisi ilikuwa imeng'aa. Chini bado nzito.

"Mbona hivi? Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Tumemzika wiki iliyopita," alisema wifi.

Mkaguzi akaiweka glasi taratibu. "Poleni sana. Basi nitapita Jumatatu. Jumatatu nitapima kweli, mama."

Alipoondoka, mjane akachukua mwiko.

"Uweke chini," alisema wifi. "Nenda kalale."

"Nani ataiangalia?"

"Haitaki kuangaliwa. Ina kazi."

Mjane akasimama kidogo mlangoni, kisha akaenda, akajilaza bila kunawa mikono.