Baba Zake Daktari Nchagwa

Jumatano asubuhi, katika chumba chake cha kazi pale Bomani, Tarime, Daktari Nchagwa alikuwa anafuta kitanda cha wagonjwa kwa dawa, Mzee Nyangwine akaingia na kuvua kofia. Walikuwa wamemzika Ijumaa. Daktari alimwamkia, akanawa mikono, akavaa glovu.

"Sasa unaweza kuniangalia, mwanangu," mzee alisema. "Ningekuwa hai ningeona haya."

Nchagwa alikuwa amesomea saratani ya kibofu na tezi dume hadi ng'ambo, na Dar es Salaam wanaume walipanga foleni mlangoni kwake. Alirudi Tarime wakati wa rashi ya dhahabu, watu wakimiminika machimboni na mashine za makarasha zikisaga mawe mchana na usiku, aliposikia kwamba wazee wa kwao wanakojoa damu. Alirudi kuwatibu na kuutafiti ugonjwa wao. Kumbe alisahau yeye ni mtoto wa nani. Karibu wagonjwa wote walikuwa rika la baba yake, na kwa Wakurya mtu wa rika la baba ni baba. Uchi wake mwana hauoni. Wazee walikuja, wakamsifu kwa kusoma, wakaomba dawa ya kifua, wakaenda zao. Kwa daktari wa Mwanza hawakutaka. Watu wangesema nini, na mtoto wao mwenyewe ni bingwa? Wakafa hivyo hivyo, wabishi wakubwa wale.

Baada ya Nyangwine walikuja wengine. Marehemu walikuwa wagonjwa wazuri: hawakuchelewa, hawakudanganya. Kauthar, muuguzi, binti wa wauza vitambaa wa mjini, alilalamika tu kwamba wanaacha udongo sakafuni. Daktari aliingiza kamera kibofuni mwa kila mmoja, akakuta uvimbe uleule, na kila mmoja alitaja kijito kilekile alichokunywa maji yake, kile kinachopita chini ya marudio, yale matope yanayobaki dhahabu ikishatolewa. Akauandika utafiti, akautuma. Kamati ya mjini ya kuidhinisha utafiti ikajibu kwa adabu kwamba kazi ni nzuri, ila washiriki hawakutoa ridhaa wakiwa hai. Wenye makarasha nao walisema kama maji yale yanaua, mbona ng'ombe wanayanywa.

Yote hayo Nchagwa angeyameza. Lakini baba yake mzazi, Mzee Matiko, alikuwa bado hai, na mama alikuwa ameshaona damu kwenye shuka.

Alimfuata mzee nyumbani, upande wa Nyakunguru, akamkuta zizini.

"Tata, baba yangu, nakuomba. Ni kipimo kidogo tu. Hata macho nitafumba."

"Daktari gani huyo anapima amefumba macho?"

"Basi twende Mwanza. Nimeshaongea na mwenzangu, gari ipo."

"Nimruke mwanangu, nikamvulie mgeni?" Mzee alicheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu. "Hebu tuongee habari za ng'ombe."

Nchagwa alipiga magoti kwenye samadi, mtu mzima na suruali yake ya kazini, akalia kwa sauti. Aliona wazi kwamba anampoteza baba yake, na dawa anayo. Mzee aligeukia upande wa pili, asimwaibishe.

Jumatano moja ya masika, foleni ikiwa ndefu, Mzee Matiko aliingia na kujipangusa miguu mlangoni. Nchagwa alifurahi. Alidhani hatimaye amekubali. Alimwamkia, akaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza. Mzee hakuyasubiri. Alifungua mkanda, akavua suruali, akaikunja vizuri, akapanda kitandani.

Hapo Nchagwa akaelewa. Akavaa glovu.

Uvimbe ulikuwa umeanzia pembeni, mahali ambapo mwaka jana angeuondoa asubuhi, na jioni baba yake angekula ugali.

"Ungeweza?" mzee aliuliza.

"Ningeweza, tata."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaanza kuvaa.

"Mpigie mama yako simu. Hajajua bado. Ameniacha nimelala, ameenda kuteka maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya kijitoni," mzee alisema, akifunga mkanda. "Kwani kuna mengine?"