Majina Mia Tatu na Kumi

Nekoye alikuwa akimwonyesha mteja, mama mkataji maua aliyekuwa na ofu ya kazi siku hiyo, namna ya kuingiza hesabu ya maua kwenye simu, wakati gari jeupe la kampuni ya maua liliposimama mbele ya kibanda chake pale Kamere. Mama yule akalitambua. Alificha simu ndani ya blauzi na kuondoka bila kuaga.

Programu ile Nekoye aliiandika mwenyewe, baada ya kuachishwa kazi kwenye shamba la kampuni hiyohiyo. Mkataji aliandika maua aliyokata kila siku. Mwisho wa mwezi alilinganisha na hesabu ambayo kampuni ilimlipia. Watu mia tatu na kumi walilipa shilingi ishirini kwa wiki, na hesabu zao hazikuwa zikilingana na za kampuni hata mara moja.

Njuguna, meneja wa wafanyakazi, aliingia pamoja na Kimeli, ofisa wa leseni wa kaunti.

"Madam, leseni iko wapi?" Kimeli aliuliza.

"Hiyo hapo ukutani."

"Hiyo ni ya kuuza kredo za simu. Kuweka habari za watu ni ingine."

Njuguna aliketi bila kukaribishwa. "Tusisumbuane. Tunanunua hiyo kitu yako. Laki tatu, leo leo. Programu na majina ya wenye wanaitumia."

"Majina ni ya nini?"

"Tuwasaidie."

Laki tatu ilikuwa mapato ya mwaka mzima. Nekoye alifungua laptopu kama anayetafuta kitu. Alifuta majina, nambari za simu, hesabu zote, kisha nakala ya akiba. Akaigeuza skrini.

"Programu ndiyo hii. Majina hayako."

Njuguna hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Nekoye hofu.

"Sawa," alisema akiinuka. "Leo alfajiri tulianza kukagua simu za wakataji pale geti."

Kimeli alimtoa Nekoye nje na kufunga kibanda kwa kufuli la kaunti.

Saa nne asubuhi, wakati wa kazi ambapo hakuna mkataji anayeonekana barabarani, jirani yake Immaculate alimkuta hapo nje akiwa bado amevaa aproni ya shambani. Nyuma yake walifuata wengine, wawili wawili.

"Wamenifuta kazi," Immaculate alisema. "Lakini sisi hatuogopi. Kuna wakili Naivasha alikuwa ameshakubali kutushikia kesi ya malipo, bora tu tuwe na ushahidi. Simu wamebaki nazo, lakini najua kwako kila kitu kiko. Nitolee hesabu zangu za miezi saba, dada. Na za hawa wote."