Mtamba wa Masunga

Hapa Kibaoni hakuna anayejua kutunza hela kunishinda mimi. Haya, yupo mwenye duka. Na mkewe. Na yule jirani ninayemkopa chumvi.

Ila mjukuu wangu Masunga ndiye alitia fora. Mwaka tisini na sita aliuza mpunga wake wa kwanza. Mzee Masele, baba wa mchumba wake Kija, alishampa sharti: hela hiyo igeuke ng'ombe. "Kijana anayeshindwa kuweka mavuno ya kwanza," alisema, "binti yangu hampati."

Hela ikageuka redio ya kaseti, jaketi, na bia za marafiki ambao sasa wakimwona wanageuza baiskeli.

Masunga akadanganya. Akasema amenunua mtamba, kamwachia rafiki yake Gelasius kule Sibwesa amtunze, kama wafanyavyo Wasukuma wenzake, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Uongo mzuri huo. Sibwesa ni mbali, nani angeenda kuangalia?

Mzee Masele hakwenda Sibwesa. Alikuja kwangu. Masunga kakaa kwenye kigoda, macho chini. Kija naye kajibanza nyuma ya nyumba, kauma khanga, anasikiliza kama ataolewa au la.

"Mtamba wako ana rangi gani?"

"Mwekundu, baba. Ana baka jeupe usoni."

"Pembe?"

"Fupi. Bado mdogo, ndiyo kwanza ana mimba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Jasho likaanza kunikauka mgongoni. Nikaleta ugali na mlenda, juu yake samli niliyoomba kwa jirani ili nisiaibike mbele ya mkwe.

Mzee akamega tonge, akachovya, akalamba kidole.

"Samli tamu hii, mama. Mmeipata wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Masunga karukia:

"Ya ng'ombe wangu, baba! Gelasius anatuletea kila mwezi!"

Nikamkanyaga mguu. Nimechelewa.

Mzee Masele akarudisha tonge sahanini. Akauliza kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko fimbo:

"Masunga, mwanangu. Mtamba ambaye hajazaa anakamuliwa maziwa gani?"

Nyuma ya ukuta Kija akaguna kama aliyechomwa na mwiba. Masunga akanitazama mimi. Mimi nikatazama samli.